Fundi Aliyekataa Kusamehewa

Kuna watu wamekonda kwa kunyimwa msamaha. Fundi wetu yeye alipewa, tena mara tatu, tena mbele ya mashahidi, na mara zote tatu aliurudisha kama mtu anayerudisha jikoni sahani yenye unywele. Alikuwa fundi wa makochi, na kwa ufundi huo mtaa wake wote ulimjua. Lakini kwa kukataa kusamehewa alijulikana mpaka mtaa wa pili na wa tatu, kwa watu ambao hata kochi hawakuwa nalo.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vioo. Makochi ya watu yalikaa humo miguu juu, matumbo wazi, springi nje. Fundi alifanya kazi misumari midogo ikiwa mdomoni, akiisogeza mmoja mmoja kwa ulimi na kuichomoa kwa vidole, to! to! to!, huku anapiga soga na mteja kana kwamba hana kitu kinywani. Hiyo ni misumari mipya. Ile mikuukuu aliyoing'oa ilikuwa na sheria yake. Mzee aliyemfundisha kazi aliwahi kukanyaga msumari wenye kutu akalazwa miezi miwili, na tangu hapo wanafunzi wake wote walifundishwa kwa makofi ya kisogo kwamba kitu chochote kidogo cha chuma hakitupwi chini, kinaingia mfuko wa kulia. Fundi aliitii sheria hiyo miaka na miaka, mpaka mkono ukaacha kabisa kuomba ruhusa kwa kichwa. Suruali zake zote zilikuwa zimetoboka mfuko wa kulia, na mkewe alishachoka kushona.

Sheria ya pili ya yule mzee ilikuwa kwamba kochi halili kitu, linaweka tu. Kilichookotwa ndani ya kochi ni cha mwenye kochi. Kwa hiyo juu ya rafu palikaa kopo kubwa la maziwa ya unga, na ndani yake vitana, funguo, vifungo, hata jino moja la bandia, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi iliyoandikwa jina la mwenyewe. Na kopo hilo ndilo lililomfundisha Fundi tabia ya binadamu. Watu wakipotewa na kitu hawalishuku kochi. Wanamshuku mtu, na mara nyingi yule asiye na wa kumsemea.

Siku moja mama mmoja wa nyumba kubwa alikuja kuchukua kiti chake, Fundi akamkabidhi na hereni iliyokuwa ndani. Yule mama akapiga vigelegele nusu, kisha vikamkwama.

"Mungu wangu! Na nilimfukuza msichana wa kazi kwa ajili ya hereni hii."

"Yuko wapi sasa?"

"Anauza mboga pale sokoni. Lakini hana neno, nilishamsamehe zamani."

Fundi akatema misumari yote kiganjani. Hilo alilifanya mara chache sana, na aliyemjua alijua kuna jambo.

"Umemsamehe nini, dada yangu?"

"Si huo wizi."

"Wizi upi, na hereni hii hapa? Sikiliza. Kusamehe maana yake ulifanya, ila basi yaishe. Kumwondolea mtu hatia ni kusema hakufanya. Ukimsamehe ambaye hakufanya, umemshtaki mara ya pili, safari hii kwa sauti tamu."

Hakumkabidhi kiti mpaka wakaongozana sokoni. Pale mbele ya mafungu ya nyanya yule mama akasema kwa sauti ya mbu, "Hukuiba. Nilikosea mimi." Muuza mboga akaweka kisu chini, machozi yakamtoka. Halafu akajifuta, akaomba lirudiwe kwa sauti, kwa sababu muuza vitunguu hakusikia. Likarudiwa. Soko zima likasikia, na Fundi akarudi karakanani kifua mbele. Ndipo watu wakaanza kumwita Hakimu. Kanuni yake ikawa maarufu: ulimshtaki mbele za watu, umtoe hatiani mbele za watu.

Hakimu huyohuyo alikuwa na kesi yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa imemshinda miaka kumi na tisa.

Mama mkwe wake alikuwa mwalimu wa michezo. Miaka thelathini alikimbiza watoto wa watu uwanjani kwa filimbi moja ya shaba, nzito, yenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alipostaafu filimbi ikastaafu naye, ikawekwa kwenye meza ndogo sebuleni, juu ya kitambaa chake. Fundi alipokwenda ukweni kwa mara ya kwanza kuonekana, amevaa koti la kahawia la mtumba alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo, mama mkwe alimpa filimbi aishike.

"Pima uzito," alimwambia. "Siku hizi hawatengenezi hivi."

Fundi akaipima, akaisifia. Mara baba mkwe akaingia, watu wote wakasimama, Fundi akasimama, akatoa mkono wa kulia kumsalimia mzee. Filimbi alikuwa ameirudisha mezani. Hilo angeliapia mbele ya radi. Lakini watu walipokaa tena, kitambaa kilikuwepo mezani na filimbi haikuwepo.

Ikatafutwa chini ya meza, nyuma ya pazia, ndani ya birika la chai. Mwisho macho yote yakamgeukia mgeni. Fundi, jasho likimtoka, akatoa mifuko ya koti nje yote miwili, ikaning'inia. Wa kulia ulikuwa na tundu la kupitisha yai. Baba mkwe, mzee mpole asiyependa makelele, akacheka.

"Mke wangu, mwizi gani anakuja kazini na mfuko uliotoboka? Mwache kijana."

Ule ukawa ndio utetezi pekee aliowahi kupata. Mke alipewa, maana binti alishaamua na baba alishakubali, lakini mama mkwe aliandika yake moyoni. Mkwe wa pili, mume wa binti mdogo, alipofika akaitwa "mwanangu" kabla hajamaliza chai. Huyu mwanyumba wake Fundi alikuwa muuza matairi, mwili wa watu wawili, na hakuwa na sifa nyingine inayojulikana. Fundi yeye alibaki kuitwa "Fundi". Kila mtu alimwita hivyo, ni kweli, lakini mama mkwe alilitamka kama mtu anayesoma jina la mwanafunzi mtoro. Na akiwa na nafasi aliongeza, "Siku za mwizi ni arobaini."

Fundi alijizuia miaka mingi, mkwe ni mkwe. Siku moja tu uzalendo ulimshinda, akajibu kwa adabu, "Mama, arobaini zimepita mara mia na sabini. Nimezihesabu."

Koti la kahawia alilining'iniza kabatini siku ileile na kula kiapo: halivai tena mpaka atoke hatiani. Hata siku ya harusi yake mwenyewe aliazima. Mkewe aliliita koti la kesi, na aliposafisha kabati alilizunguka koti hilo kama mtu anayezunguka kaburi.

Msamaha wa kwanza ulikuja binti yao alipozaliwa. Mama mkwe alimpakata mjukuu, akalainika, akasema mbele ya wodi nzima ya wazazi, "Fundi, kwa ajili ya mtoto huyu nimekusamehe ile filimbi." Wanawake wakashangilia vitandani. Fundi akasema, "Ahsante, Mama, lakini siwezi kupokea kisicho changu." Wanawake wakanyamaza, mtoto akaanza kulia.

Wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe alikuwa anapelekwa kupasuliwa tumbo, yuko juu ya kitanda cha magurudumu, akaamuru kisimamishwe katikati ya korido. Akawaita wanawe mmoja mmoja na kuwasamehe, huyu kwa hili, yule kwa lile. Akafika kwa Fundi.

"Na wewe, filimbi yangu. Nimekusamehe. Sitaki kufa na kinyongo."

"Mama, utapona. Na mimi sikuichukua."

"Nimesema nimekusamehe!"

"Na mimi nimesema sikubali."

Muuguzi aliyekuwa anasukuma kitanda akaingilia. "Baba, si ukubali tu? Daktari ameshavaa glavu."

"Dada, wewe ungekubali kulazwa kwa ugonjwa usiokuwa nao?"

Muuguzi akafikiri, akasema hapana, akaendelea kusukuma. Mama mkwe alipozinduka saa nne baadaye, hakuuliza kama ni mzima. Aliuliza, "Amekubali?"

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mke wa Fundi. "Miaka yote hii nimekaa katikati yenu kama mto wa kochi," alimwambia mumewe. "Kila mmoja ananikalia. Kubali usamehewe, tule chakula cha Jumapili kama watu."

"Mama Watoto, nikikubali msamaha nimekubali wizi. Binti yetu atakuwa binti wa mwizi aliyesamehewa. Nipe hilo kochi lao nilifungue, nikuonyeshe. Filimbi iko mle ndani."

Hilo ndilo lilikuwa tumaini lake. Kochi la ukweni, la kijani, la watu watatu, lilikuwa limekaa hatua moja kutoka ile meza ndogo. Fundi alilijua kochi hilo kwa macho kama daktari anavyomjua mgonjwa barabarani. Mshono wa nyuma ulikuwa umeachia upana wa vidole viwili. Kila alipokwenda ukweni aliutazama mshono ule akameza mate. Lakini kila alipoomba kulifungua, mama mkwe alijibu kwamba hajafikia kumkabidhi fisi bucha.

Kisha mwanyumba akaja kumsalimia mkwewe, akaketi kwa furaha, na kochi likatoa mlio ambao jirani alidhani ni tairi. Springi ikapanda, ikapita kitambaa, ikapita suruali. Muuza matairi alitoka pale akitembea kama mwanamwali, na kochi likabaki limezama katikati.

Mama mkwe aliita fundi mmoja, akamwambia alitupe. Akaita wa pili, akalipima, akaondoka, hakuonekana tena. Jumamosi asubuhi simu ya Fundi ikaita.

"Fundi. Kochi limeanguka. Njoo, lakini litafunguliwa hapahapa sebuleni, mbele ya macho yangu."

Fundi alinyoa ndevu. Alivaa shati jeupe, ambalo hakuna fundi mwenye akili analivaa kwenda kuchambua kochi. Alipofika akakuta ukoo umeshakaa: mkewe, binti yake wa miaka kumi na saba, shemeji yake, na mwanyumba aliyechagua kusimama. Mama mkwe, miaka karibu themanini, mgongo umenyooka kama nguzo ya goli, alikuwa kwenye kiti cha mbao na fimbo yake.

"Kabla hujagusa kochi langu," alisema, "sema umekubali. Nimekusamehe. Hii ni mara ya tatu na sitarudia."

"Mama, kwa heshima zote, sikubali. Nataka niondolewe hatia."

"Basi fungua, uitafute hiyo haki yako humo."

Akalipindua kochi, akachana kitambaa cha chini, akang'oa misumari, kila mmoja mfuko wa kulia, na akaingiza mkono. Ukatoka mkono na vipande vya chaki, hesabu yake kumi na viwili. Zikatoka kalamu nyekundu nne. Kikatoka kijiko, kitana, kifungo, na kadi nyekundu ya refa ambayo mama mkwe aliipokea bila aibu. Fundi akaingiza mkono mpaka begani, shavu limebanwa kwenye gunia, akapapasa pembe zote nne, chini ya kila mkanda, nyuma ya kila springi. Hakuna sentimita ya kochi lile ambayo hakuigusa. Filimbi haikuwemo.

Alihisi kulia. Miaka kumi na tisa alikuwa amejenga nyumba ya heshima yake juu ya kochi hilo, na sasa kochi lilikuwa tupu mbele ya binti yake. Kilichobaki kwenye pembe ya mwisho kilikuwa kitu chepesi. Akakivuta bila hamu, akamkabidhi mama mkwe bila kukitazama.

Ilikuwa miwani. Miwani ya kusomea, fremu nyeusi, vioo vyote viwili vizima, haina hata mkwaruzo.

Mama mkwe aliishika, akaigeuza mbele na nyuma. Binti zake wakatazamana. Walijua. Baba yao, mzee mpole, alikaa miaka mitatu ya mwisho ya maisha yake akishtakiwa kwamba aliikalia miwani ya mkewe, ikavunjika, akaitupa kwa woga. Kila siku alisema, "Mke wangu, sikuikalia," na kila siku aliambiwa, "Nimekusamehe, lakini sema ukweli." Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, bado anasema hakuikalia.

Mama mkwe akaivaa miwani. Akageuka kwenye picha ya mumewe ukutani, akaitazama kwa miwani ileile.

"Hukuikalia," alisema. "Nilikosea mimi." Akapiga fimbo chini kujirudisha, akamgeukia Fundi. "Mwalimu akigundua amesahihisha vibaya karatasi moja, anarudia zote. Nilikuwa nina uhakika na kosa la baba yenu kuliko nilivyokuwa na uhakika na lako. Kwa hiyo nasema mbele ya hawa wote: hukuichukua filimbi. Nimekuondolea hatia, mwanangu."

Mwanangu! Fundi alikaa chini palepale, kwenye springi, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemcheka ila mwanyumba kidogo. Mkewe alilia. Binti alilia kwa sababu mama yake analia.

"Ukimaliza kochi," mama mkwe akasema, "Jumapili ijayo wote mje mmependeza. Tutapiga picha ya ukoo. Wewe mwanangu utakaa karibu yangu."

Wiki ile Fundi alifanya kazi huku anaimba, misumari ikimdondoka mdomoni. Kochi alilivisha kitambaa kipya cha kijani, akashona kwa mkono hata pale ambapo mashine ingetosha. Jumamosi mchana akaenda kabatini, akalitoa koti la kahawia, akalikung'uta vumbi la miaka kumi na tisa.

Halikufunga. Tumbo lilikuwa limefanya maendeleo.

"Achia mshono wa ubavuni," mkewe alisema akicheka. "Wewe si fundi?"

Akakaa kitandani, koti magotini, akachukua wembe. Mkono wa kushoto ukapita juu ya bitana, chini kabisa kwenye pindo, ukasimama. Vidole vile vilikuwa vimetambua funguo, hereni na jino la bandia kupitia vitambaa vya kila aina. Vilijua kabla yeye hajajua. Kitu kizito, cha duara, chenye mdomo.

Akachana. Filimbi ya shaba ikamwangukia kiganjani.

Hapo yote yakamrudia, kama yametokea asubuhi ile: baba mkwe anaingia, watu wanasimama, mkono wa kulia unatakiwa kwa salamu, na ndani yake kuna kitu kidogo cha chuma. Mkono haukuomba ruhusa. Mfuko ukaipokea, tundu likaipitisha, bitana ikaiweka. Yeye aliyefundisha mtaa mzima kwamba kitambaa hakili kitu, kinaweka tu, alikuwa ameining'iniza filimbi kabatini mwake miaka kumi na tisa na kuilinda kwa kiapo. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hata wao hawakufika huku.

Mkewe alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Akafunga mlango.

"Irudishe," alinong'ona. "Shona."

"Mama Watoto!"

"Sikia. Umeshaondolewa hatia. Mama amefurahi, wewe umefurahi, mimi kwa mara ya kwanza nimelala bila kichwa kuuma. Anayejua ni mimi, wewe na koti. Koti halisemi."

"Nimeondolewa hatia ambayo ninayo."

"Hukukusudia!"

"Sikukusudia, ndiyo. Lakini miaka yote nimesema sikuichukua, na niliichukua. Yeye amesema mbele za watu kwamba alikosea juu yangu, na hakukosea. Nimemfanya bibi wa watu ajishtaki bure. Kanuni yangu unaijua."

"Ninaijua. Natamani ungekuwa muuza matairi." Akakaa karibu naye. Baada ya muda akashika sindano. "Lete hilo koti nilitanue. Kama unakwenda kujinyonga, nenda umependeza."

Jumapili saa tisa ukoo ulikuwa umejipanga kwenye kochi jipya na nyuma yake. Mpiga picha alikuwa ameshaweka kamera kwenye miguu mitatu, anasogeza watu mabega. Mama mkwe, katikati, miwani ya kusomea machoni ingawa hasomi kitu, alipiga kiganja kwenye nafasi iliyo wazi upande wake wa kulia.

"Mwanangu, njoo ukae. Tunakusubiri wewe."

Fundi hakukaa. Alisimama mbele ya kamera, ndani ya koti la kahawia. Angeweza kumwita pembeni. Kanuni ilimkatalia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, ambao mkewe alikuwa ameushona mara mbili, akaitoa filimbi.

"Mama. Ilikuwa kwenye koti langu, ndani ya bitana. Ilipita kwenye lile tundu. Niliitia mfukoni mwenyewe, ule mkono wa misumari. Sikujua. Jana ndiyo nimejua."

Mwanyumba alianza kucheka, mkewe akamkanyaga. Mama mkwe alinyoosha mkono, akaipokea filimbi, akaipima uzito. Akaifuta kwa leso. Akavuta pumzi, akaipuliza.

Miaka kumi na tisa gizani haikuipunguzia kitu. Kikombe kilimdondoka mtu jikoni. Mpiga picha alisimama wima kama mwanafunzi, mikono ubavuni. Mama mkwe aliiweka filimbi magotini, akamtazama Fundi juu ya fremu ya miwani.

"Sasa unataka nini?"

Lilibaki neno moja tu. Alikuwa amelitema miaka kumi na tisa, wodini, koridoni na sebuleni, na sasa alilitafuta kila mahali asilione.

"Naomba unisamehe, Mama."

"Nilikusamehe ukiwa wodini, ukakataa."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikusamehe nikiwa nakwenda kupasuliwa. Ukakataa. Tumbo langu likiwa limechorwa alama ya kisu."

"Ndiyo, Mama."

"Nilisema ya tatu ndiyo ya mwisho."

"Ulisema, Mama."

"Na leo utakubali?"

"Leo ni yangu. Nitakubali."

Mama mkwe alifikiri. Binti wa Fundi alikuwa ameshika mkono wa mama yake mpaka vidole vimepauka. Juu ukutani mzee mpole alitazama, yule aliyesema hakuna mwizi anayekwenda kazini na mfuko uliotoboka. Bibi akainua macho kwenye picha ile, na mabega yakaanza kumtikisika. Wanawe walidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha ndani kilichochelewa miaka kumi na tisa, mpaka akavua miwani ajifute.

"Nimekusamehe," alisema. "Na mkono wako nao nimeusamehe, huo ulikuwa kazini. Kaa hapa, mwanangu."

Fundi akakaa. Mpiga picha akainama kwenye kamera.

"Subiri kwanza," mama mkwe akamwambia mpiga picha. Akaichukua filimbi kutoka magotini, akaihamishia mkono wa kushoto, upande wa mbali na Fundi. "Mwanangu, mikono juu ya magoti. Niione yote miwili."

Ndivyo alivyotokea kwenye picha hiyo, ambayo mpaka leo iko ukutani karibu na ya mzee. Wengine wote wamekaa wanavyojua. Fundi peke yake ameweka mikono juu ya magoti, vidole vimenyooka, na amecheka mpaka macho hayaonekani.